Nati ya Upande wa Kushoto

Harufu ya grisi iliyochanganyika na sabuni ya mawese haipatikani katika jiji ninaloishi sasa, na kwa miaka mingi niliamini kwamba nimeisahau. Juma lililopita, tulipokuwa tukiondoa vitu katika nyumba ya marehemu kule Kasulu, mtu mmoja alinikabidhi bomba la chuma, refu kama mguu wa mtu mzima, akaniuliza kama ni la kutupwa. Nilipolishika, viganja vyangu vikatoa harufu ile. Nilikaa pale pale juu ya kizingiti, nikiwa nimeacha tasnifu isiyokamilika mezani mwangu chuoni, nikajikuta nikifanya jambo nililolifanya nikiwa mtoto: nililitazama bomba lile kwa mashaka, kana kwamba bado lingeweza kufanya kitu.

Ninyi mliokua katika miaka ile mtanielewa nikisema kwamba kushuku lilikuwa somo tulilofundishwa sambamba na kuhesabu. Mgeni hakunawa miguu kabla balozi wa nyumba kumi hajaarifiwa jina lake na alikotoka. Sukari ilifichwa chini ya kitanda, na mtoto aliyetumwa kuazima chumvi aliporudi alihojiwa kilichokuwa kinapikwa kwa jirani. Kule Kibondo somo hilo lilikuwa na sura ya ziada, kwa kuwa mpaka haukuwa mbali, na watu walikuwa wameingia kutoka Burundi kwa miguu, kupitia Nyabibuye na njia za msituni, magodoro kichwani na watoto mgongoni. Kila mmoja wao alikuwa na habari ambayo hakuisimulia yote. Nasi tuliobaki na nusu ya habari tulijitungia nusu ya pili.

Wazazi wangu hawakuwa wa huko. Walitoka Upareni, wakapangiwa kazi Kibondo, baba akiwa mwalimu na mama akiwa muuguzi mkunga. Baba aliugua malale, akafa, akazikwa huko huko, kwa sababu hapakuwa na gari la kumrudisha milimani kwao. Aliniachia vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa baiskeli, ambayo mama aliiegemeza katika stoo na kuifunika kwa shuka kana kwamba nayo imelala. Cha pili kilikuwa kanuni. Baba alikuwa amenifundisha kufungua na kufunga kila kitu chenye nyuzi: kifuniko cha chupa ya wino, kichwa cha taa ya chemli, nati za baiskeli yake. Akiushika mkono wangu ndani ya mkono wake alikuwa akisema, "Mkono wa kula hukaza. Mkono wa kushoto hulegeza." Hakuongeza neno. Lakini mimi niliyefundishwa pia kwamba mkono wa kula ndio wa kupokelea na kusalimia, na kwamba ule mwingine ni wa mambo yasiyotajwa mezani, niliichukua kanuni hiyo kama sheria ya ulimwengu mzima. Kukaza lilikuwa jambo jema, na kulegeza lilikuwa jambo baya. Baba alipokufa sheria hiyo haikufa naye. Ilizidi kuwa ngumu, kama udongo wa ukuta unavyokauka.

Katika hali hiyo ndipo akaja Melkiori.

Alikuwa fundi wa magari nyuma ya soko, mwanamume mrefu, mwembamba, aliyevaa koti moja la kahawia hata alipolala chini ya gari. Alizungumza Kiswahili taratibu, kama mtu anayevuka kijito kwa kupima kila jiwe kabla ya kulikanyaga. Alikuwa mmoja wa waliotoka ng'ambo, ila hakuja na godoro. Alikuja na gari, tena si lori wala gari la kazi. Lilikuwa gari dogo la mashindano, la viti viwili tu, paa lake turubai, lililokaa chini kiasi kwamba mbuzi aliweza kuchungulia ndani bila kuinua shingo. Rangi yake ya kijani ilikuwa imepauka. Sisi watoto tuliliita Kobe. Wakubwa hawakuliita jina lolote. Walilitazama tu likipita, kisha wakatazamana.

Aliyekuwa akitamka yale ambayo wengine waliyanyamazia ni jirani yetu, Mama Sofia, mke wa karani wa mahakama, Muha wa Busunzu, mwanamke mwenye moyo mkubwa na mdomo uliouzidi moyo. Nakumbuka asubuhi moja akimenya muhogo uani kwetu, maganda yakiangukia miguuni pake.

"Yemwe, Sista, nieleze," alimwambia mama. "Mtu anakimbia vita. Sawa. Anakimbia na gari. Sawa, Mungu kampa. Lakini gari lina viti viwili! Kiti cha pili alikaa nani?"

"Labda mzigo," mama alijibu.

"Mzigo una jina lake. Na tajiri aliyekuwa akimwendeshea gari hilo yuko wapi? Dereva anakuja, gari linakuja, tajiri haji? Nieleze."

Mama aliinuka, akasema anakwenda kuangalia chungu. Hapakuwa na chungu motoni. Nililiona hilo, nikaliweka akiba.

Jambo jingine nililoweka akiba lilihusu Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi, liwe lilikuwa limetembea au halikutembea, Melkiori alivua vifuniko vya magurudumu ya nyuma ya Kobe, akaingiza spana nene katika nati kubwa iliyo katikati, inayolishikilia gurudumu kwenye ekseli, kisha akavisha mpini wa spana bomba lile refu. Akapanda juu ya bomba, mguu mmoja, halafu wa pili, akasimama hapo akiyumba kama kuku juu ya fito, mpaka nati itoe mlio mfupi, kama wa kifundo cha mguu kinapoteguka. Alifanya hivyo upande mmoja, akahamia wa pili. Baadaye alinawa grisi kwa sabuni ya mawese na majivu, akirudia hadi maji yatiririke meupe.

Wenzangu waliona mchezo. Mimi niliona swali. Petroli ilikuwa ya shida, na mara nyingi Kobe hakuondoka pale alipokuwa Jumamosi iliyotangulia. Sasa, ikiwa nati ilikazwa Jumamosi iliyopita, na gari halikusogea, ni nani aliyeilegeza hata ihitaji kukazwa tena? Nililizungusha swali hilo kichwani nikiwa darasani, nikiwa kisimani, nikiwa kanisani. Jibu nililolipata lilikuwa moja. Mwenye kuikaza ndiye mwenye kuilegeza.

Halafu akaanza kuja nyumbani. Alikuja mchana, akakaa kibarazani, mlango ukiwa wazi, kofia yake gotini. Aliniita Kakobwa, yaani kasichana kwa lugha ya kwao. Nilimwamkia shikamoo na kuondoka kabla hajaitikia. Siku moja alileta maziwa katika kibuyu. Mama alipoleta vikombe, Melkiori alijimiminia kwanza, akanywa funda moja huku akimtazama mama, ndipo akamjazia yeye kikombe. Nilikasirika. Kwetu mgeni aliyeleta zawadi hakuanza kuinywa yeye mwenyewe.

"Si uroho," mama alinieleza alipoondoka. "Ni desturi ya huku, na ya kwao pia. Anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, ujue kwamba hakutia kitu."

Alidhani amenituliza. Nililala chali nikiyapima maneno yake, nikayaona yana uzito wa aina nyingine kabisa. Upareni hatukuonja kwanza kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba maziwa yanaweza kuwa na kitu. Watu wanaolazimika kuthibitisha kila siku kwamba hawakukutilia sumu, niliamua, lazima wawe watu wanaojua sana habari za sumu.

Zilipokaribia mvua za masika mama aliniambia kwamba atakwenda Kasulu kikazi na kurudi kesho yake, na kwamba Melkiori atampeleka. Lakini alipiga pasi gauni la maua, lile ambalo halikuvaliwa tangu baba alipokuwa hai. Hakuna mtu aendaye kikazi na gauni la Krismasi. Mama Sofia, kwa huruma yake isiyo na breki, akanimalizia habari: "Anakwenda kuonyeshwa kwa dada mkubwa wa Melkiori, mwana wanje. Huyo dada ndiye jamaa pekee aliyebaki. Akimkubali mama yako, basi."

Sikuuliza basi nini. Niliwaza gari. Lilikuwa na viti viwili. Kimoja cha Melkiori, kimoja cha mama. Baba alikuwa ameondoka, na sasa mama alikuwa anaingia katika kitu ambacho fundi wake alikiunda bila nafasi yangu.

Asubuhi ya safari ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya mikaratusi. Nilitangulia nyuma ya soko, nikajificha kwenye kona ya kibanda cha mhunzi. Melkiori alikuwa akifanya kazi yake ya Jumamosi. Alianza na gurudumu la kulia. Bomba lilielekea mbele ya gari, akapanda, bomba likashuka, na spana ikageuka kwa mkono wa kula. Nati ikalia. Nikashusha pumzi. Kisha akahamia upande wa kushoto. Bomba likaelekea tena mbele ya gari, akapanda tena. Lakini mimi sasa nilikuwa nalitazama gurudumu la upande wa pili, na uzito wake ulipoliteremsha bomba niliiona spana ikigeuka kwa mkono wa kushoto. Nikaifuata kwa kidole changu hewani ili nisikosee. Mkono wa kushoto. Nati ikalia ule mlio wake mfupi, naye akapangusa mikono, akaridhika.

Nilikimbia hadi nyumbani. Nilifika kabla ya gari, lakini sikuingia ndani kumweleza mama, kwa kuwa niliogopa kwamba angeniambia ninyamaze, nami ningetii. Kobe aliposimama mbele ya kibaraza na mama akaweka mfuko wake ndani na kukaa, ndipo nilipotoka nikasimama mbele ya taa za gari, mikono nimeitandaza.

"Mama, shuka."

"Kuna nini?"

"Amelegeza nati. Ya kushoto. Nimemwona."

Mama alifunga macho kwa aibu. "Nani kakufundisha kusema hivyo mbele ya mtu mzima?"

"Mwacheni aseme!" Ilikuwa sauti ya Mama Sofia, aliyetokea na unga mikononi. "Mtoto haoni bure."

Watu waliokuwa wakipita kwenda hospitali ya jirani na chakula cha wagonjwa wao wakasimama. Balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye hakukosa kamwe pale palipo na watu watatu, naye akasogea, mikono mgongoni. Nilikuwa mtoto, lakini nilimwona Melkiori akimtupia balozi jicho. Leo ninaelewa alichokuwa akikipima: kwamba mtu wa hali yake, neno kama lile likisikiwa na mtu kama yule, angeweza kulala mahabusu usiku huo na kurudishwa mpakani kabla ya juma kwisha.

Alishuka garini, akachuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa. "Umeona nini, Kakobwa?"

"Upande ule umegeuza kwa mkono wa kula. Upande huu umegeuza kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kula hukaza, mkono wa kushoto hulegeza. Baba alisema."

Hakuna aliyecheka. Mkono wa mama, uliokuwa umeshika mlango wa gari, ulianguka mapajani.

"Upande huu nyuzi zake zimechongwa kinyume, mwanangu," Melkiori alisema.

"Mimi si mwanao."

"Ego," akakubali kwa lugha ya kwao. "Si mwanangu."

"Kinyume!" Mama Sofia aliwageukia wasikilizaji. "Eti kinyume. Na chuma nacho kina kushoto?"

Melkiori alimtazama mama ndani ya gari. Kisha akainuka, akautoa mfuko wa mama garini, akampa mama mkono ashuke, na kusema kwa sauti ambayo balozi pia angeisikia: "Anayetoa kinywaji huonja kwanza. Acheni nilionje."

Akaingia peke yake, akaondoka. Tulimwona akiteremka mteremko wa hospitali hadi kijitoni, akigeuza, akipanda tena, kuku wakimpisha. Akasimama palepale alipoanzia.

"Nimelionja," akasema.

"Umeendesha polepole," nikamjibu.

Safari hii watu waliangua kicheko, hata balozi. "Huyo si mtoto, ni hakimu!" mmoja alisema. Melkiori hakucheka. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kosa la kweli katika hesabu yake. "Ego, ni kweli," akasema, akaondoka tena, na safari hii Kobe alinguruma kama kitu kikubwa mara tatu ya mwili wake, kofia ya Melkiori ikapeperuka, vumbi jekundu likatufunika sote, naye akarudi akiwa na nywele zimesimama na gurudumu la kushoto likiwa mahali pake.

Ningependa kuandika kwamba niliridhika. Ukweli ni kwamba niliwaza hivi: mwenye kutia sumu anajua upande upi wa kibuyu usio na sumu, na mwenye kulegeza nati anajua itavumilia mwendo gani. Kijito kiko karibu. Kasulu iko mbali. Lakini mama alinishika kidevu, akanitazama kwa namna aliyowatazama wanawake waliokuwa katika uchungu, bila haraka na bila kudanganya. "Nimekusikia," akasema. "Lakini kuna jambo ninalolijua ambalo wewe hulijui, na si langu la kusimulia." Akapanda. Nikabaki na harufu ya petroli na neno lile *jambo*.

Siku ile nilikaa kwa Mama Sofia, ambaye alinipakulia ugali na migebuka, samaki wa ziwani, mingi kupita kiasi, kwa kuwa hofu ilikuwa imemrudia yeye mwenyewe. "Huu mdomo wangu," alikuwa akinung'unika jikoni. "Huu mdomo." Alasiri nilimwambia ninakwenda kuchukua daftari, nikaingia katika stoo yetu, nikaivua baiskeli ya baba shuka yake.

Sijui hasa ni nini kilichonipeleka huko. Nadhani nilitaka kumthibitisha baba. Nilichukua spana yake, nikaanza na pedeli ya kulia, nikaisukuma kwa mkono wa kushoto, kama inavyopaswa katika kulegeza. Iligoma, nikaikanyaga spana, ikaachia. Kanuni ilisimama. Nikaizunguka baiskeli, nikaja kwenye pedeli ya kushoto. Nikaisukuma kwa mkono wa kushoto. Haikusogea. Nikaikanyaga, nikairukia, kifundo changu kikateleza kikachubuka kwenye mnyororo. Kila niliposukuma ndivyo ilivyozidi kubana. Nilikaa sakafuni, jasho likinitoka, nikaitazama kwa muda mrefu. Kisha, polepole, kama mtu anayefanya jambo la aibu, nikaigeuza spana kwa mkono wa kula. Nikaikanyaga mara moja. Pedeli ikafunguka, ikaja mkononi mwangu na nyuzi zake zinazong'aa kwa mafuta ambayo mikono ya baba ndiyo iliyoyapaka.

Baba alijua. Mtu aliyeitunza baiskeli yake namna ile hakuweza kutojua. Alikuwa amenipa nusu ya kwanza ya kanuni kwa kuwa nilikuwa mdogo, na nusu ya pili aliiweka kwa ajili ya umri ambao hakuufikia pamoja nami. Nililia pale sakafuni, na si kwa sababu ya mama. Nililia kwa kuwa nilikuwa nimeishi ndani ya sentensi ya baba nikidhani imekwisha.

Hata hivyo, nilipokwisha kulia nilianza tena kuwaza, maana ndivyo nilivyo. Pedeli ilionyesha kwamba chuma kinaweza kuchongwa kinyume. Haikuonyesha kwamba nati ya Kobe imechongwa hivyo. Niliibeba ile pedeli mfukoni mwa gauni, nikalala nayo.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu asubuhi. Wakati walioahidi kurudi ulipita. Mama Sofia alisimama mlangoni akila hindi la kuchoma bila kulitafuna vizuri, macho kwenye barabara ya Busunzu. Balozi alipita mara ya kwanza akauliza, "Hawajafika?" Alipopita mara ya pili hakuuliza. Nilikuwa nimeanza kuitengeneza picha ya gurudumu likiviringika peke yake katika mteremko, mbele ya gari, kama mbwa anayemtangulia bwana wake nyumbani.

Jua lilikuwa limeinama tuliposikia mngurumo. Kobe alitokea akiwa rangi ya udongo mtupu, turubai limechanika, na ndani yake watu wawili walioloa kama nguo za kufua. Ninakiri kwamba niliyatazama magurudumu kabla sijamtazama mama. Yote yalikuwepo. Kisha nikamwona. Gauni la maua lilikuwa limeharibika kabisa, naye alikuwa akicheka, kicheko ambacho nilikuwa nimesahau kwamba ni chake.

"Tumekwama matopeni!" alimwambia Mama Sofia. "Nimesukuma mimi, sukuma, mpaka viatu vimebaki huko!"

"Na yule dada?"

"Kanikubali. Kasema mtu anayesafiri katika kigari hiki ana moyo au hana akili, na vyote viwili vinamfaa kaka yake."

Melkiori alizima gari. Macho yake yalikuwa yameona kilichokuwa mkononi mwangu.

"Ya upande gani?" aliuliza.

"Wa kushoto."

"Ilifunguka vipi?"

"Kwa mkono wa kula."

Aliitikia kwa kichwa. Alichuchumaa tena, maji yakimdondoka kwenye koti. "Kitu kinachozunguka kina hila," alisema. "Kinataka kuondoka na nati yake, kidogo kidogo, wewe husikii. Basi upande huu unaifunga kinyume, ili kisiibebe. Na bado huiamini. Unaikaza, unaikaza tena." Alinisindikiza hadi stoo kuirudisha pedeli, lakini alipofika mlangoni alisimama. Nilimwambia aingie anishikie baiskeli. Aliitazama shuka iliyokuwa sakafuni, akaitazama baiskeli. "Sikuitwa na mwenyewe humu," akasema, akabaki nje, akinielekeza kwa maneno tu. Kwa mara ya kwanza nilikaza kitu kwa mkono wa kushoto.

Jioni hiyo, akinisuka, mama alinieleza lile jambo. Melkiori mwenyewe alikuwa amemwomba njiani anieleze. Kiti cha pili kilikuwa cha mke wake. Walikimbia pamoja, mke akiwa na mimba iliyotimia, na kabla ya kufika mpakani gurudumu la nyuma la kushoto lilianza kuyumba. Lilikuwa limefunguliwa na kurudishwa siku chache kabla, na katika vurugu zile nati haikukazwa mara ya pili. Waliliacha gari kichakani wakaendelea kwa miguu, na uchungu ukamkuta mke njiani. "Walimfikisha kwangu," mama alisema. Vidole vyake vilisimama katika nywele zangu. "Yeye na mtoto. Sikuwa na la kufanya tena." Baadaye watu wa Nyabibuye walimsaidia kulivuta gari lile kwa kamba hadi upande huu. Si mapenzi ya gari yaliyomfanya alirudie.

Basi swali langu la Jumamosi lilipata jibu. Hakuna aliyekuwa akiilegeza nati ile. Melkiori hakuwa akikaza nati iliyokuwa mbele yake. Alikuwa akikaza nyingine, ambayo spana haikuifikia tena.

Baada ya masika alichonga ubao, akaufunga nyuma ya vile viti viwili, akaufunika kwa gunia lililojazwa pamba. Hakusema ni wa nani. Niliikagua misumari yake yote kabla sijaukalia. Kuhusu yule tajiri mwenye gari sikupata kujua. Nilimwuliza mara moja tu, nikiwa nimekwisha kuingia chuo, naye akasema, "Alinipa ufunguo." Sikujua niamini au nisiamini, na leo pia sijui. Niliishi naye miaka yote hiyo nikimpenda nikiwa na swali hilo mfukoni.

Mama alimtangulia kufa. Melkiori alihamia Kasulu, karibu na dada yake, akazeeka, na mwishoni akili yake ikarudi mahali fulani upande wa pili wa mpaka ambako sikuweza kumfuata. Nilipofika hospitalini mwezi uliopita, wauguzi waliniambia kwamba amekataa kila kitu cha kunywa. Aliamini kwamba wote wametumwa. Niliketi kando ya kitanda na kikombe cha uji.

"Nani kakutuma?" aliniuliza.

Nilimweleza mimi ni nani. Nilimweleza, kwa utaratibu na kwa hoja, kile kinachoupata mwili usiopata maji. Alifunga midomo akageukia ukuta. Nilizungumza muda mrefu, kama wazungumzavyo watu waliosoma wanapoogopa. Maneno yalipokwisha, nilikuwa nimekiinamisha kikombe bila kujua, uji ukanimwagikia kidogo kwenye kidole. Ndipo nikakumbuka.

Nilizunguka kitanda hadi upande aliokuwa ameuelekea. Nilikiinua kikombe mbele ya macho yake, nikanywa.

Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, kwa makini, kama mtu anayefuata mzunguko wa spana kwa kidole.

"Umekunywa kidogo," akasema.

Nikanywa tena, funda kubwa, hata likaniunguza koo. Ndipo akafungua kinywa. Funda moja lake, moja langu, hivyo hivyo, hadi kikombe kikaisha.